Baridi ya Bibi Arusi

Siku ya Jumamosi, jua likiwa utosini, daraja la Lukuga huacha kuwa njia na kugeuka soko linalotembea. Mikokoteni ya unga, pikipiki zilizopakia familia nzima, akina mama wenye mabeseni ya ndakala, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, wote hudai kupita kwanza, na hakuna anayekubali kuwa wa pili. Hapo ndipo korteji ya arusi, msafara wa magari, ilipokwama, Jumamosi moja ya kiangazi, na hapo ndipo Onésime, fundi wa umeme wa magari, alipomwona Huguette kwa mara ya kwanza.

Hakuwa akitafuta mke. Alikuwa akirudi kutoka bandarini, kifurushi cha vifaa vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma kikiwa kwapani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo vya mikono, kama alivyofundishwa katika internat, shule ya bweni ya Mapadri huko Kirungu, ambako kijana aliyekosa kifungo kimoja alikosa pia chakula cha jioni. Mbele yake palisimama Carina nyeupe, gari kuukuu lenye usukani kulia, limezungushiwa utepe na maua ya karatasi. Vioo vyote vilikuwa vimeshushwa. Bibi arusi alikuwa akilia humo ndani, na hakuna aliyeweza kutenga machozi na jasho. Poda ilikuwa imechora mifereji usoni pake, na vumbi la barabara lilikuwa linakuja kuijaza.

“Hii njo baridi mulituahidi?” alifoka mama wa bibi arusi. “Mutoto wangu anaiva kama muhogo!”

Mwanamke aliyekuwa ameshika mlango wa dereva hakuinamisha kichwa. Alivaa libaya, blauzi ya kitenge, ya rangi ya nili yenye maua ya manjano, mikono yake imepandishwa mabegani kama mabawa ya ndege anayetaka kuruka, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa kwa ukali wa mtu asiyependa kudharauliwa.

“Pole, Mama. Klima ilikuwa inapuliza muzuri tangu nyumbani. Imenikatikia hapa hapa.”

Onésime alikaribia. “Samahani, Mademoiselle. Kata kontakti, kisha uwashe tena.”

“Na wewe ni nani?”

“Ni muntu mwenye kujua.”

“Nizime gari katikati ya daraja? Unataka watu wanipige?”

“Wameshaanza kukutukana. Kupigwa ni hatua moja tu mbele.”

Huguette alicheka pasipo kutaka, akakasirika kwa kuwa amecheka, kisha akazungusha ufunguo. Gari likanyamaza. Alipoliwasha tena, upepo wa baridi ulitoka kwenye dashibodi kwa nguvu, ukapeperusha shela, na bibi arusi akashusha pumzi iliyosikika mpaka kwenye mikokoteni. Akina mama wa ndakala wakapiga vigelegele.

“Taa ya kitufe cha klima ilikuwa inapepesa?” aliuliza Onésime.

“Kama jicho ya mulevi.”

“Basi ilijifunga yenyewe. Kuna kitu inaogopa. Uniletee Jumatatu huko Kataki, kando ya ukuta wa materniti. Uliza fundi Onésime.”

“Na kama sitakuja?”

“Jumamosi ijayo bibi arusi mwingine ataiva.”

Huguette alikwenda. Na kwa kuwa alikwenda, hana budi msomaji kuijua garaji aliyoingia.

Garaji ya Onésime ilitenganishwa na materniti kwa ukuta mmoja tu, na juu ya ukuta huo alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa herufi zisizopinda: HAPA KLAKSONI NI MARUFUKU. WATOTO WANAZALIWA. Mama Myriam, mkubwa wa wakunga, alikuwa amemwomba zamani apunguze kelele kidogo. Yeye aliligeuza ombi kuwa sheria, na sheria akaigeuza kuwa fahari. Kila gari lililoingia kwake, kabla hajauliza linaumwa nini, alichomoa kwanza waya wa klaksoni, na hakuurudisha mpaka gari lilipokuwa linatoka langoni. Madereva wa mji walilalamika, kisha wakazoea. Siku hizi hata korteji za arusi zilinyamaza zilipofika kwenye ukuta ule. Onésime aliona jambo hilo ni malezi. Kelele za arusi alizichukia. Alisema ni furaha ya watu wasiojua kufurahi, na kwa sababu hiyo alituma zawadi yake lakini mwenyewe hakuonekana katika arusi ya mtu yeyote.

“Unanitoa waya gani?” Huguette aliuliza Jumatatu ile, akichungulia chini ya kapo, kifuniko cha injini.

“Ya klaksoni. Sheria ya nyumba.”

“Mimi nimeleta klima, wewe unakata ulimi ya gari yangu.”

“Soma ukutani.”

Alisoma. Akamtazama yeye, akatazama tena ukuta. “Sawa, Monsieur Marufuku,” alisema, na jina hilo likamganda fundi kuliko grisi.

Alilipima gari lile kwa uaminifu. Alifungua dashibodi, akabadilisha relè, akakwangua fyuzi, akafuata waya mmoja mmoja kwa taa yake ya kupimia. Klima ilipuliza asubuhi nzima. Maji yalidondoka chini ya gari mpaka yakafanya kidimbwi, na kuku wa jirani wakaja kunywa. Huguette alikaa juu ya tairi kuukuu akimweleza habari za gari hilo: jinsi marehemu baba yake, Papa Toussaint, karani wa bandari, alivyolipokea kutoka kwenye meli likiwa la kijani kama jani la mgomba, jinsi alivyomfundisha kurudi nyuma kwenye mchanga wa ziwa, akisema kwamba mwanamke anayejua kurudi nyuma hapotei. Sasa Huguette alifanya kazi katika biro ya wasafirisha mizigo, na siku za Jumamosi alibeba maarusi. Hakuna gari jingine la kukodi mjini lililokuwa na baridi, na akina mama wa Kalemie walitaka binti zao wafike kanisani vioo vikiwa juu, poda na nywele zikiwa mahali pake.

“Limepona,” Onésime alisema mwishoni. “Ninaweka jina langu.”

Jumamosi simu ililia.

“Monsieur Marufuku, jina yako imekatika.”

“Haiwezekani.”

“Niko mbele ya kanisa na bibi arusi ananipepea mimi, badala ya mimi kumupepea yeye. Umusikie anavyosema? Ngoja nimupe simu.”

“Usimpe! Lete gari Jumatatu.”

Jumatatu gari lilifika, waya wa klaksoni ukachomolewa, klima ikapuliza tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda, pasipo kusita hata mara moja. Ikawa hivyo na juma lililofuata. Mazungumzo yao yaliota mizizi. Walianza kupigiana simu katikati ya juma, na habari za gari zilikuwa zikimalizika mapema.

“Umekula?” Huguette angeuliza.

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Bukari na samaki.”

“Samaki gani?”

“Huguette, hii ni simu ya fundi ao ya daktari?”

“Ya muntu mwenye kuuliza. Ukitaka nisiulize, weka kibao ukutani.”

Naye Onésime, ambaye aliwaonya wateja wake wasimpigie kwa upuuzi, alijikuta akitembea na simu mkononi kama mtu anayebeba yai.

Aliyemharibia mambo alikuwa Cyrille, mchomeleaji vyuma aliyefanya kazi upande wa pili wa ua ule, mtu mwema mwenye mdomo usio na mlango.

“Ndugu,” Cyrille alimwambia, akivua miwani yake ya kuchomelea, “ile gari inapuliza baridi mpaka kuku wanapata homa. Kila mara ikifika hapa iko muzima. Ugonjwa hauko ndani ya gari. Ule mwanamuke anakutafuta wewe.”

“Acha upuuzi.”

“Upuuzi? Unaona namna anavaa akija? Mutu anavaa vile kwa kuonyesha relè?”

Onésime alikanusha, lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia, na lilipoingia lilikuta kiti kimeandaliwa. Yeye alikuwa amekwisha kusema kwamba gari ni zima. Ikiwa gari ni zima, basi anayesema linaumwa ana sababu nyingine. Mtu mwenye kiburi hupenda hesabu ya namna hiyo, kwa maana jibu lake humpendeza kabla hajalihakiki.

Jumatatu iliyofuata Huguette aliingia pasipo kupiga mzaha. Hakuvaa libaya, alikuwa na blauzi ya kazini, na macho yake yalikuwa mazito. Onésime hakuona lolote kati ya hayo. Alichomoa waya wa klaksoni, akaegemea kapo, akatabasamu kama mtu anayesamehe.

“Imekatika tena?”

“Imekatika.”

“Huguette, tuseme kweli kama watu wazima. Gari haina kitu. Kama unanitafuta mimi, hakuna ubaya. Sema tu. Usisingizie klima.”

Upande wa pili wa ua, Cyrille alizima moto wake.

Huguette alisogea mbele yake. “Unafikiri ninachukua bibi arusi ya watu, ninamuharibia siku yake moja, mama yake ananitukana mbele ya kanisa, ili tu nipate kuona uso yako?”

“Sikusema…”

“Ulisema. Sasa sikia kitu chenye nilikuwa nakuja kusema. Jana baba mudogo aliita jamaa yote. Mudogo wangu Ketsia anaolewa, na gari hii njo itamubeba. Ikikatika siku ile, wanaiuza kwa watu wa Moba. Gari ya baba yangu. Nilikuja kwako kwa sababu nilikuamini. Rudisha waya yangu ya klaksoni.”

“Huguette…”

“Rudisha.”

Aliurudisha. Gari likatoka langoni. Cyrille aliziba masikio akingoja kishindo, kwa maana mtu aliyetukanwa namna ile alikuwa na haki ya kupiga klaksoni mpaka ukuta upasuke. Huguette hakupiga. Alipita polepole mbele ya materniti, kimya, akakunja kona. Hata katika hasira alikuwa na adabu, na adabu hiyo ilimchoma Onésime kuliko tusi lolote.

Alimpigia simu. Haikuchukuliwa. Alipopiga tena jioni, ilichukuliwa.

“Namba hii ni ya mambo ya gari,” ilisema sauti aliyoizoea, sasa ikiwa imefungwa kama ofisi. “Una jambo ya gari?”

“Sina.”

“Basi.”

Siku zilizofuata alifanya kazi kwa bidii isiyo na ladha. Jumamosi ilipofika alikuwa amesimama langoni, akizungumza na Mama Myriam kuhusu taa ya barazani kwa wazazi, wakati korteji ilipotokea upande wa soko. Ilifika kwenye ukuta na kunyamaza, kama ilivyo sheria. Mbele ilikuwa Carina nyeupe, ambayo haikuwa imelia hata mara moja tangu sokoni. Ilimpita karibu mno. Vioo vyote vilikuwa juu. Bibi arusi aliketi nyuma, mkavu na mtulivu, poda yake kamili kama keki ambayo haijakatwa. Huguette alitazama mbele, wala hakugeuza shingo.

“Iko muzima,” Onésime alijisemea kwa uchungu.

Korteji ilifika mwisho wa ukuta. Hapo, kwa pamoja, kama wanafunzi waliotolewa darasani, magari yote yakalipuka kwa klaksoni. Carina ililia kuliko mengine, taa zake za pembeni zikiwakawaka kwa furaha. Onésime alikunja uso kwa mazoea. Kisha akaacha kuukunja. Kule mbele, kabla gari halijafika kwenye mwembe wa njia panda, kioo kimoja kilishuka, kikafuata cha pili. Mkono wenye glovu nyeupe ukatokea nje ukipepea leso.

“Klaksoni,” alisema kwa sauti.

Mama Myriam alishtuka. “Fundi, umesema nini?”

“Nimesema neno lililo marufuku kwangu.” Akamweleza yote hapo hapo langoni: gari lisiloumwa garajini, linaloumwa arusini, na waya anaouchomoa kila mara kabla ya kupima.

Mkunga yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno, akacheka hata akaegemea ukuta wenye maandishi. “Nyani haoni kundule, mwanangu. Uliziba mudomo ya mugonjwa, kisha ukamuuliza anaumwa wapi. Na ulipokosa jibu, ukasema ni muongo.”

“Nimekosa, Mama,” alisema. Tangu alipotoka internat hakuwa amekiri kosa mbele ya mtu, na alishangaa kuona kwamba jambo hilo haliui.

Jumapili, baada ya Misa, alivaa shati jeupe akaenda nyumbani kwao Huguette. Papa Adalbert, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi barazani, kofia magotini, mtu mpana mwenye sauti ya kuamua mambo. Uani Huguette alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alimwona mgeni, akaendelea kutwanga. Ketsia, bibi arusi mtarajiwa, alitoa kichwa dirishani na hakukirudisha ndani.

“Wewe njo fundi ya gari isiyopona?” aliuliza Papa Adalbert.

“Ndiyo mimi, Papa. Nimekuja kuomba radhi. Binti yako alinieleza ukweli, nami nikadhani anasema uongo.”

“Uongo gani?”

Mchi uliongeza mwendo.

“Sema, Monsieur Marufuku,” Huguette aliita kutoka uani. “Sema mbele ya Baba ulidhani nini.”

Onésime alisimama wima, mikono ubavuni, kama alivyosimama zamani mbele ya Padri mkuu. “Nilidhani anasingizia ugonjwa wa gari kwa sababu ananitafuta.”

Papa Adalbert alimpima kutoka viatu mpaka nywele. “Na alikuwa anakutafuta?”

Mchi ukakosa kinu, ukagonga ardhi.

Ketsia aliangua kicheko dirishani, akamwita dada yake mkubwa. “Yaya, sombe inamwangika!”

“Funga dirisha!” alifoka Huguette, lakini alikuwa ameinamisha uso kuokota mchi, na aliuokota kwa muda mrefu kuliko uzito wake ulivyohitaji.

Papa Adalbert alivaa kofia yake, ishara kwamba anakata shauri. “Kijana, mimi sipendi kuuza kitu ya kaka yangu. Lakini sipendi pia jina yake itukanwe kila Jumamosi mbele ya kanisa. Arusi ni Jumamosi. Nitakuwa nyuma yenu. Nikiona kioo moja inashuka, gari inapanda mashua ya Moba. Umesikia?”

“Nimesikia, Papa.”

Huguette alikuja akipangusa mikono kwenye pagne, kitenge alichojifunga. “Kwako sirudi,” alimwambia.

“Wala mimi sitaki ulilete kwangu. Kwangu gari halisemi. Tulipeleke mahali pa kelele.”

Siku ya pili, baada ya saa za kazi, waliliegesha gari kwenye barabara ya ziwani, mbali na hospitali na mbali na shule, pale ambapo akina mama huanika ndakala juu ya mchanga. Upepo ulikuwa unatoka majini, na samaki walimetameta kama bati jipya. Onésime alifungua kapo, akaunga taa yake ya kupimia kwenye betri, akainama.

“Klima iko wazi?”

“Iko.”

“Taa za pembeni?”

“Ziko.”

“Sasa piga klaksoni.”

Huguette alitoa kichwa nje. “Rudia, sikusikia vizuri.”

“Piga klaksoni, Huguette.”

“Nani anasema?”

“Onésime anasema! Piga!”

Akapiga. Alipiga kwa majuma yote aliyotukanwa, kwa simu zote alizokataa kuchukua. Ndege wakaruka kutoka kwenye maboya. Akina mama wa ndakala wakainuka wakipiga vigelegele, kwa maana gari lile walilijua.

“Bibi arusi iko wapi?” mmoja aliuliza.

“Hamuna macho?” akajibu mwenzake. “Njo ule kwenye usukani! Na bwana yake ameingiza kichwa ndani ya mashini!”

Onésime hakusikia, au alijifanya hasikii. Macho yake yalikuwa kwenye taa ya kupimia. Aligusisha ncha yake hapa na pale kwenye bodi, iliwaka sawasawa. Aliigusisha kwenye boliti moja iliyojificha nyuma ya taa kubwa ya kushoto, na hapo, klaksoni ilipolia, taa ilififia mpaka ikawa kama kaa la moto linalokufa. Kutoka ndani Huguette akapaza sauti: “Imekatika! Kitufe kinapepesa!”

“Njoo uone.”

Alikuja, akainama kando yake. Nyaya tatu nyeusi zilikuwa zimefungwa kwenye boliti ile ile.

“Hii njo masi,” Onésime alisema. “Umeme ukimaliza kazi unatafuta mulango wa kutokea. Klima, klaksoni na taa za pembeni, zote tatu zinatokea mulango moja. Na mulango huu umefungwa karibu kabisa. Klima ikiwa peke yake inapenya. Klaksoni ikija na makelele yake, zinasongamana, na klima inaogopa, inajifunga.”

“Nani aliufunga?”

Alikwangua kwa kisu. Chini ya pete ya waya palionekana ganda jeupe, laini, linalong’aa. Chini yake palikuwa na chuma, na kandoni mabaki ya kijani.

Huguette aliweka mkono mdomoni. “Rangi.”

“Walipaka rangi mpya, kisha wakafunga waya juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Zamani ilikuwa inakatika?”

“Hata siku moja! Ilianza…” Alianza kucheka, akashika ukingo wa gari asianguke. “Ilianza tangu Baba mudogo aliamuru wapake nyeupe. Alisema gari ya kijani haifai kubeba maarusi!”

Onésime naye alicheka, kicheko kilichokosa mazoezi, chenye kutu kama boliti ile. Alikwangua rangi yote mpaka chuma kikawa uchi, akasugua pete za nyaya moja moja, akakaza, akapaka grisi juu. Huguette akarudi kwenye usukani na kupiga klaksoni mpaka akina mama wakamwomba awahurumie samaki. Taa ya kupimia haikuyumba. Baridi haikukatika.

Alipofunga kapo, mikono yake ikiwa myeusi mpaka viwikoni, hakuondoka dirishani.

“Huguette. Nataka unirudishe kwa Papa Adalbert. Safari hii nisiwe fundi.”

Alimwelewa mara moja. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimelegea, naye hakukifunga. “Unanisemea maneno hayo mbele ya ndakala?”

“Sikuchagua mahali. Uliniambia mambo ya kweli, nikakujibu kwa kiburi. Sitaki kukaa tena na jambo la kweli pasipo kulisema.”

Huguette alipapasa usukani aliofundishiwa na baba yake.

“Mara ngapi uliniambia hapo garajini, ‘Limepona, ninaweka jina langu’?”

“Nyingi,” alikiri Onésime.

“Mimi neno ya kusemwa gari ikiwa imesimama siiamini tena. Njoo arusini, Onésime. Ukae mbele, kando yangu, kwa kelele, mpaka mwisho. Kisha nitakujibu.”

“Siendagi arusini.”

“Najua.”

Alitazama ziwa, akatazama mikono yake. “Nitakuja,” alisema.

Jumamosi alikuja. Alivaa suti ya kijivu, tai imekazwa, na taa ya kupimia ilikuwa ndani ya mfuko wa koti, mahali ambapo watu wengine huweka leso. Ketsia aliketi nyuma katika shela lililojaza kiti kizima, kando yake Destin, bwana arusi, aliyekuwa anatetemeka, na hakuna aliyejua kama ni kwa hofu au kwa baridi. Huguette alikuwa amevaa libaya ya kijani kama jani la mgomba. Onésime aliiona rangi ile, akaelewa ni ya nani.

Korteji ilianzia nyumbani kwa kishindo. Huguette hakuondoa mkono kwenye klaksoni. Walipita soko, wakapita Avenue Lumumba, na nyuma yao, katika gari lisilo na klima, Papa Adalbert alikuwa amekaza macho kwenye vioo vya Carina kama mvuvi anayetazama chelezo. Kwenye daraja la Lukuga walikwama, pale pale, kati ya mikokoteni ile ile. Klaksoni zilipanda. Onésime aliweka kiganja mbele ya tundu la baridi na hakukiondoa.

“Shemeji,” Ketsia aliita kutoka nyuma, “ondoa mukono, unatuzibia baridi.”

“Umeniitaje?”

“Nimekuita kwa jina yako. Ao sivyo, Yaya?”

“Ketsia, wewe ni bibi arusi,” alijibu Huguette. “Bibi arusi hasemi.”

Mikokoteni ikaachia njia. Wakavuka. Hakuna kioo kilichoshuka.

Kisha walikunja kona ya Kataki, na ukuta ukatokea, na herufi zile zisizopinda. Gari moja baada ya jingine, korteji nzima ikanyamaza. Mama Myriam alikuwa langoni, mikono kifuani. Katika kimya kile kilisikika kipoza hewa kikipumua taratibu, na kutoka ng’ambo ya ukuta, mtoto mchanga akiudai ulimwengu.

“Ndiyo,” alisema Huguette.

Onésime aligeuka. “Ndiyo nini?”

Hakuondoa macho barabarani, lakini shavu lake lililoelekea upande wa fundi lilikuwa limejaa tabasamu. “Ndiyo, Monsieur Marufuku. Usinilazimishe kurudia. Hapa ni mahali pa kimya.”

Nyuma, shela lilichakarisha. Ketsia alikuwa amemng’ang’ania Destin mkono na kujiziba mdomo kwa leso ili asipige kigelegele mbele ya materniti.

Onésime alikaa wima, mikono magotini, kama mwanafunzi anayengoja kengele. Aliusubiri ukuta uishe wote. Ulipokwisha, alinyosha mkono wake wa kulia kuelekea kwenye usukani, mkono ulioandika sheria ile, akaubandika juu ya klaksoni, akaukandamiza, na hakuuondoa.

Mtaa wa Kataki ulitoka milangoni. Papa Adalbert, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, aliteremsha kioo cha gari lake na kutoa kichwa nje aone ni nani aliyepoteza adabu namna ile. Alimwona. Akatazama vioo vya Carina nyeupe, kimoja kimoja, mbele na nyuma. Vyote vilikuwa juu.

Akavua kofia yake, akaipunga hewani.